Ziwa Hilo ni Lipi?

Kitufe chenyewe kilikuwa kile cha kengele ya mlangoni, cha plastiki nyeupe, ambacho mafundi wa studio walikuwa wamekigandisha kwa gundi juu ya kipande cha ubao na kukiunganisha kwa waya mwekundu uliopita chini ya kitambaa cha satini cha buluu hadi kwenye taa ndogo iliyosimama mbele ya kila mshindani. Ukikibonyeza sawasawa, taa yako iliwaka na zile nyingine saba zikagoma mpaka msoma maswali alipozifungua tena. Ukikibonyeza kwa woga, hakikufanya lolote. Tulipewa nusu saa ya kukizoea kabla ya kamera kuwashwa, na katika nusu saa hiyo nilijifunza kukaa kidole gumba kikiwa kimegusa plastiki bila kuisukuma, kama mvuvi anavyoushika mshipi akisikilizia samaki anayedonoa chambo. Nilijiona hodari. Leo, zaidi ya miaka ishirini baadaye, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Jiografia hapahapa Mwanza, nina klabu ya chemshabongo shuleni, na bado kidole hicho hukaa hivyo juu ya meza kila ninapomsikiliza mtu anayesema jambo refu.

Mashindano yalikuwa ya shule za sekondari za Kanda ya Ziwa, nasi tulikuwa tumefika fainali. Timu yetu ilitoka shule ya kutwa ya mjini, wavulana wawili na wasichana wawili wa Kidato cha Sita, na tulikwenda studio kwa daladala kama tunavyokwenda sokoni. Wapinzani wetu walikuwa wasichana wanne wa shule ya bweni ya mkoani Kagera, waliopanda MV Victoria pale Bukoba usiku na kushuka bandari ya Mwanza asubuhi, wakaletwa moja kwa moja na mwalimu wao, mama mmoja mwembamba ambaye sikumsikia akisema neno siku nzima. Miaka hiyo msiba wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, ulikuwa bado mbichi katika nyumba nyingi za pande zote mbili za ziwa, na mzazi aliyemruhusu binti yake kulala melini kwa ajili ya maswali ya televisheni alikuwa ametoa kitu kikubwa kuliko nauli. (Siku hizi wangekuja kwa basi, maana tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, linavusha magari pale ambapo tulikuwa tukisubiri kivuko hadi mahindi ya kuchoma yanatuishia mkononi.) Mimi sikuyafikiria hayo. Nilipowaona wamekaa kwenye benchi la nje wakipiga miayo, niliwaambia wenzangu kwamba kazi imekwisha.

Kanuni za mchezo zilikuwa za kuazima, ingawa hatukulijua hilo wakati ule. Zilifuata karibu hatua kwa hatua zile za University Challenge ya Uingereza, kipindi kilichoanza kurushwa Septemba 1962 na kampuni ya Granada ya Manchester, nacho kikiwa kimeigwa kutoka College Bowl ya Marekani. Bamber Gascoigne alikiendesha hadi kiliposimamishwa mwaka 1987. Kiliporudi mwaka 1994 kupitia BBC kilikuwa mikononi mwa Jeremy Paxman, mtu aliyeweza kumfanya kijana mwenye akili nyingi ajione mjinga kwa kurudia tu jibu lake, na tangu mwaka 2023 kinaendeshwa na Amol Rajan. Wanakaa wanne kwa wanne. Swali la kufungulia lina pointi 10, nawe hulijibu peke yako bila kunong'onezwa na yeyote. Ukilipata, timu yako hupewa maswali matatu ya nyongeza yenye pointi 5 kila moja, ambayo mnaruhusiwa kuyajadili hadi nahodha atoe jibu. Unaruhusiwa kumkatiza msomaji wakati wowote. Lakini ukimkatiza kisha ukakosa, timu yako hupokonywa pointi 5, na swali husomwa lote kwa wapinzani, ambao kuanzia hapo hawana wa kugombania naye.

Hata ule ujanja wa kamera tuliuazima. Watazamaji wa mtaani kwetu Mabatini walibaki wakiamini kwamba wale wasichana walikaa ghorofani na sisi chini, kwa sababu kioo cha televisheni kiligawanywa juu na chini kila timu zilipoonyeshwa pamoja, ilhali tulikaa ubavu kwa ubavu, umbali wa hatua tatu hivi. Nilikuwa karibu na nahodha wao kiasi cha kuona kwamba mguu mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa uzi mweusi, na kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya meza. Hilo la mikono nililiona mapema sana nikalitafsiri vibaya. Nilidhani anaogopa kamera.

Mjomba wangu alikirekodi kipindi kile kwenye kanda ya VHS, nami nimekitazama mara nyingi kuliko inavyofaa kukiri, mara nyingine nikiwa na kalamu mkononi. Hesabu zake ni hizi. Hadi tulipofikia swali la mwisho, sisi tulikuwa tumejibu maswali ya kufungulia 11 na wao 7 tu, yaani tuliwazidi kwa mbali katika mbio za kidole. Tulikuwa tumemkatiza msomaji mara 9, tukapatia mara 7 na kukosa mara 2. Wao hawakuwa wamemkatiza hata mara moja. Ila katika maswali ya nyongeza sisi tulipata 13 kati ya 33, kwa sababu tulikuwa watu wa kujibu kwa pupa na nahodha wetu alikuwa akipokea majibu matatu tofauti kwa wakati mmoja, huku wao wakipata 19 kati ya 21. Walikuwa wakisogezeana vichwa, mmoja anasema, wengine wanatikisa au wanakataa, kisha nahodha anainua uso na kujibu kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Ukizijumlisha namba hizo, na ukaondoa pointi 10 za makosa yetu mawili, unapata 165 kwa 165. Sijawahi kuona mechi ya mpira iliyolingana hivyo kwa njia mbili ambazo hazifanani kabisa.

Kuna mahali kwenye kanda ambapo bado hugeuza uso. Mwanzoni tulikuwa tunaongoza 90 kwa 25, na mpiga kamera akamwonyesha mwalimu wetu akicheka. Ndipo wale wasichana walipopata maswali matatu ya nyongeza kuhusu mito inayoingia Ziwa Victoria. Walitaja Kagera, unaoleta maji mengi kuliko mto mwingine wowote unaoingia humo. Huo ni mto wa kwao, hatukushangaa. Walitaja Mara. La tatu lilikuwa Simiyu, unaomwaga maji yake kwenye Ghuba ya Speke upande wa Magu, mto ambao bibi yangu alichota maji yake utotoni, nao waliujibu bila hata kujadiliana. Nahodha wetu alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyewapa.

Ili nieleze kilichotokea mwishoni, lazima nizungumzie sarufi kidogo, na msomaji anisamehe kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa ugali. Mwingereza huweza kuanza swali lake kwa kiulizi, na mara nyingi ndivyo anavyofanya, kwa hiyo mshindani wake anajua tangu neno la kwanza kama anaulizwa mtu, mahali au mwaka, hata kama hajui habari yenyewe ni ipi. Swali la Kiswahili likiachwa litembee kwa mwendo wake wa kawaida hubeba kiulizi mkiani: mto huo unaitwaje, mkataba huo ulitiwa saini wapi, ziwa hilo ni lipi. Msoma maswali mwenye huruma huweza kukisogeza mbele akasema "Ni ziwa gani ambalo…", lakini wetu hakuwa na huruma, au labda alikuwa tu na masikio mazuri ya lugha. Anayemkatiza msomaji wa Kiswahili, basi, mara nyingi anajibu swali ambalo halijaulizwa bado.

Lakini lugha hiyohiyo inayoficha kiulizi nyuma huvujisha siri mbele, kwa njia ya ngeli. Kama swali linaanza na "Kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013…", mwanafunzi wa Mwanza aliyezoea kusikiliza hahitaji kusubiri, kwa sababu ile silabi ya kwanza tu imemwambia kwamba ni kisiwa, na kisiwa hicho ni Saanane. "Unaanzia Jinja…" hauwezi kuwa ziwa wala kisiwa. "Alizaliwa Butiama mwaka 1922…" hata mtoto wa chekechea atabonyeza. Hii ndiyo iliyokuwa siri yangu. Sikuwa najua mambo mengi kuliko wenzangu, lakini nilikuwa nimejizoeza kusikiliza viambishi, nikawa natangulia kujibu kwa nusu sekunde huku watu wakidhani nina kumbukumbu ya ajabu, na kati ya zile mara 7 tulizokatiza tukapatia, 5 zilikuwa zangu.

Saa ya ukutani, ambayo sisi tuliiona na watazamaji hawakuiona, ilikuwa imebakiza chini ya dakika moja. Ubao ulisomeka 165 kwa 165. Taa za studio zilikuwa zimetupika kiasi kwamba kitambaa cha satini kilikuwa na alama za viganja vyetu. Msoma maswali aligeuza kadi, akakohoa kidogo, akasema:

"Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alilifikia…"

Nilibonyeza.

Nitaeleza nilichokisikia, maana kanda haiwezi kukionyesha. Nilisikia Speke. Nilisikia 1858. Kisha nikasikia lile neno "alilifikia", lenye silabi mbili zinazofanana katikati, ya kwanza ikiwa ya wakati uliopita na ya pili ikiwa ya kitu kilichofikiwa, na kitu hicho ni cha ngeli ya ziwa. Mtoto wa Mwanza hahitaji zaidi. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba Speke aliliona ziwa letu tarehe 3 Agosti 1858, hapa karibu na mji wetu, akalipa jina la malkia wake kana kwamba halikuwa na jina, na kwamba ghuba iliyo mashariki yetu imebaki na jina lake yeye mwenyewe. Taa yangu iliwaka. Mtangazaji akataja jina la shule na jina langu. Nikasema, "Ziwa Victoria," na nikaanza kuinua mkono ili nipigane kiganja na jirani yangu.

"Hapana. Mnapoteza pointi 5. Nitalisoma swali lote kwa timu ya pili. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alilifikia akiwa pamoja na mwenzake Richard Burton, lakini kwa sababu ya ugonjwa wa macho hakuweza kuliona vizuri. Ziwa hilo ni lipi?"

Sarufi haikunidanganya, lilikuwa ziwa kweli. Mwaka nao haukunidanganya. Ila mwaka ule Speke alifika kwenye maziwa mawili, la kwanza mwezi Februari akiwa na Burton, akiwa karibu kipofu, na la pili mwezi Agosti akiwa ametangulia kaskazini bila Burton, aliyebaki Kazeh, yaani Tabora ya leo. Nililijua hilo. Habari ya macho ya Speke nilikuwa nimeisoma mwezi mmoja kabla, nikamsimulia nahodha wetu kwenye daladala kama kichekesho, kwamba mtu ametembea kutoka pwani hadi Ujiji, amefika, na haoni kitu.

Nahodha wa wasichana alisubiri hadi neno "lipi" limalizike kabisa. Ndipo mkono wa kulia ukatoka chini ya meza, akabonyeza kitufe polepole kama anayebisha hodi nyumba ya wagonjwa, akasema, "Tanganyika." Ikawa 175 kwa 160. Msomaji alikuwa katikati ya swali la kwanza la nyongeza kengele ya mwisho ilipolia.

Nahodha wetu hakunigeukia. Alikuwa akiwatazama wapinzani wakikumbatiana, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unaijua, siyo?"

"Nilikuwa naijua."

"Basi," akasema, na hadi leo, ambapo ni rafiki yangu na wanangu wanamwita shangazi, hatujawahi kulizungumzia zaidi ya hapo.

Bibi yangu alikuwa amekitazama kipindi kwa jirani, kwa sababu kwetu umeme ulikuwa na siku zake. Nilipoingia alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua dagaa, akiweka vichwa huku na miili kule, na hakuinua macho. Katika nyumba yake chemshabongo ilikuwa vitendawili, na katika vitendawili aliyeshindwa hutoa mji ndipo apewe jibu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani umewapa mji gani?"

Nikamjibu, "Mwanza, bibi."

"Mwanza yote?" Akafikiri kidogo. "Sasa sisi leo tunalala wapi?"

Mwaka 2019 niliitazama fainali ya University Challenge pamoja na wanafunzi wa klabu, kwenye kompyuta yangu ndogo, kwa bando nililolinunua kwa pesa yangu, huku nikiisimamisha kila mara ili niwatafsirie. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilikuwa kinacheza na St Edmund Hall ya Oxford. Walishindana kwa karibu, na kengele ya mwisho iliwakuta Edinburgh na 155 na wenzao na 140. Wanafunzi walishangilia kana kwamba Edinburgh iko Nyegezi. Mimi nilikuwa nikiutazama ule ubao. Pointi 15: ndiyo hasa gharama ya kukatiza swali moja na kukosa, 5 unazopokonywa na 10 wanazopewa wengine. Sijui kama wanafunzi waliona kwamba mwalimu wao amenyamaza. Mmoja wao, msichana mdadisi sana, alikokotoa kwenye daftari kwamba swali moja pamoja na nyongeza zake zote lina pointi 25, kwa hiyo St Edmund Hall walihitaji swali moja tu zaidi, wakabishana juu ya hilo hadi mlinzi wa shule alipokuja kufunga mlango.

Baadhi ya walimu wenzangu wanaoandaa mashindano ya shule wangependa kuiondoa ile adhabu ya pointi 5. Wanasema inawavunja moyo watoto, inawanyamazisha wenye aibu na kuwapa ushindi wenye bahati. Nimewasikiliza kwa heshima, na sikubaliani nao hata kidogo. Ukiiondoa, kila mtoto atabonyeza kwenye neno la pili, kwa kuwa kukosa ni bure, na mchezo utakuwa wa vidole tu. Ni zile pointi 5 zinazomfanya msichana mwenye miwani iliyofungwa uzi awe mshindani wa haki wa mvulana mwenye masikio mepesi, kwa sababu kukaa kimya kunakuwa na bei yake sokoni. Ninachowafundisha wangu ni kuuliza, kabla ya kusukuma, kama kuna jibu la pili linaloingia kwenye maneno yaliyokwisha kusemwa. Tunalifanyia mazoezi hilo kila Ijumaa: nasoma nusu ya swali, nanyamaza, nao hawatoi jibu bali wanaorodhesha majibu yote ambayo sentensi hiyo bado inayaruhusu. "Alikuwa rais wa kwanza wa…" inaruhusu watu wengi mno. "Alilifikia mwaka 1858…" wanaijua wote, na wanaitumia kunitania.

Sio wao peke yao. Kipindi kilirudiwa mara mbili wiki ile, na katika mji ambao timu yake imeshindwa fainali kwa swali la ziwa, na aliyekosa ni mtoto wa mjini, kila mtu alikuwa na la kusema. Kondakta alikataa nauli yangu akisema nitashuka Kigoma. Yalipungua, kama mambo yote yanavyopungua, isipokuwa mahali pamoja. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kirumba Mwaloni mapema, kabla jua halijakali, kutafuta kitoweo cha wageni. Mama ninayenunua kwake tangu enzi hizo alikuwa akipanga samaki juu ya turubai na kuwamwagia maji kwa kopo, mkono mmoja ukifukuza nzi. Aliniona kabla sijamwona.

"Tanganyika!" akaita, na watu watatu wakageuka. "Njoo hapa, baba. Nina sato wa leo, wazuri. Wametoka humu humu, nisikudanganye."

Nilichagua wanne. Akawafunga, akanidai bei ya juu kidogo kuliko kawaida, nami nikafungua mdomo kumkatiza, kisha nikamwacha amalize.